Gemu za simu na urithi wa Kusini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa vijana, walimu na wasanii wa Mtwara na Lindi wanaotaka kutengeneza gemu zinazobeba mila, lugha na historia ya huku kwetu. Maswali ni yale yanayojirudia kila mazungumzo haya yanapoanza, iwe darasani, kwenye karakana ya wachonga vinyago au nyumbani kwa mzee.

Mila huishi kwa watu. Gemu ya simu itaihifadhije?

Kweli, mila huishi kwa watu, na gemu peke yake haihifadhi kitu. Simu huvunjika. Toleo jipya la Android hukataa kufungua gemu ya miaka kumi iliyopita. Kinachohifadhi ni kazi inayotangulia: kukaa na wenye mila, kuwarekodi kwa ridhaa yao, kuandika jina la kila chombo na kila hatua, kisha kuweka nakala mahali salama. Gemu inakuja baada ya hapo, na kazi yake ni kumfanya mtoto wa Masasi atamani kumuuliza bibi yake jambo ambalo asingeliuliza.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: rekodi kwanza, gemu baadaye. Kikundi chenye gemu nzuri bila rekodi za kutosha kitabaki mikono mitupu siku gemu ikifa. Chenye rekodi nzuri bila gemu bado kina hazina, na mwingine atakuja kuitengenezea gemu.

Basi si video ingetosha?

Kwa mambo mengi inatosha, hasa hadithi na ngoma za hadharani. Lakini yapo maarifa yaliyo kwenye uamuzi, na uamuzi hauonekani kwenye video. Chukua suala la maji juu ya uwanda wa Makonde. Kwa vizazi vingi kina mama wa Newala na vijiji vya juu walikuwa wakiteremka mabondeni kuyafuata, kisha wakapanda tena na mzigo kichwani. Ukionyesha video ya mwanamke mwenye ndoo, mtazamaji atasikitika kidogo na kuendelea na mambo yake. Ukimpa mchezaji kaya ya watu sita, mtungi mmoja na jua linalopanda, akaamua mwenyewe aondoke saa ngapi, aende na nani na maji yatumikeje, ataelewa kwa nini nyumba zilijengwa pale zilipo na kwa nini mtu hakuyachezea maji.

Ming'oko, viazi vya porini, nayo ni vivyo hivyo. Kuijua porini, kuchagua pa kuchimba, kuacha nyingine kwa ajili ya siku zijazo: hayo ni maamuzi, na gemu hufundisha maamuzi vizuri kuliko filamu.

Je, jando na unyago vitaingia kwenye gemu?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu langu halibadiliki: yale wanayofundishwa wali, yaani vijana wanaochezwa, wakiwa ndani hayaingii. Hata kama kungwi mmoja amekubali kukusimulia. Hata kama umeyasoma kwenye kitabu cha mtafiti. Sababu ni nyepesi: simu haijui imeshikwa na nani. Mafundisho ya unyago hutolewa kwa mtu fulani, wa umri fulani, na mtu mwenye mamlaka ya kuyatoa, na anayepokea anajua amevuka hatua. Ukiyaweka kwenye simu, mtoto wa miaka saba atayafungua akiwa sebuleni. Hapo hujahifadhi unyago, umeuvunja.

Yako mengi ya hadharani ambayo hayana ubishi. Siku ya wali kutoka, nguo mpya, vyakula, ndugu wanaosafiri kutoka mbali kuja kuwapokea, ngoma za uwanjani, nafasi ya mjomba katika jamii zetu zinazohesabu ukoo kwa mama. Kati ya hadharani na siri kuna eneo la tatu, la mambo yanayoweza kuonyeshwa kwa ruhusa. Wimbo fulani unaweza kuimbwa mbele ya watu wote katika kijiji kimoja na ukafungwa kabisa katika kijiji cha pili. Hapo mwamuzi ni nyakanga, mkuu wa unyago, na wenzake, au ngariba na wazee wa jando. Mtengeneza gemu hana kura.

Wapo pia wazazi wasiotaka ngoma hizi kabisa, wengine kwa sababu ya dini, wengine kwa kuona watoto wanachezwa wakiwa wadogo mno au masomo yanaharibika. Gemu haina haja ya kuwagombanisha watu. Onyesha siku ya kutoka kama inavyofanyika wakati wa likizo, na mjadala waachie wenyewe.

Na mapiko?

Lipiko (wingi mapiko) ni kinyago kinachovaliwa kichwani kama kofia, kimechongwa kwa mti mwepesi, na mchezaji wake hufunikwa mwili mzima asitambulike. Kwa mapokeo ya Wamakonde, anayecheza pale si jirani yako fulani, ni mzimu uliokuja. Kwa hiyo usiweke sehemu ya gemu ambapo mchezaji anavua kinyago ili aone ni nani. Watengenezaji wanaipenda sana hatua ya kufichua, kwa kuwa gemu nyingi zimejengwa juu ya kufichua. Hapa ni kosa kubwa. Mpe mchezaji nafasi ya mtazamaji: akimbie lipiko likimjia, arudi likigeuka, apige makofi kwa mdundo unaotakiwa. Utamu wote uko hapo.

Mnashauri gemu gani kwa mtu anayetaka kuanza na kitu kinachojulikana?

Bao. Ni gemu tayari, ina kanuni tayari, na mabarazani Mikindani, Lindi mjini na Kilwa Kivinje hutakosa mzee wa kukusahihisha.

Bao la kete lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 6 kwenye nyumba, yaani lile shimo la mraba, mbili mbili kwenye mashimo mawili ya kulia kwa nyumba, na 22 mkononi. Kwanza ni kunamua, unaingiza kete moja moja kutoka mkononi. Zikiisha ndipo unaingia mtaji, hatua ya kusambaza kete zilizo ubaoni, na mtaji mmoja unaweza kuzunguka ubao hadi watazamaji wanyamaze. Kwa wanaoanza lipo bao la kujifunza, kila shimo kete mbili, hakuna ya mkononi.

Ukilipeleka kwenye simu, usiifanye simu imsambazie mchezaji kete. Huo ndio mtego. Kompyuta inaweza kusambaza mtaji mzima kwa nusu sekunde, lakini mchezaji wa bao anajifunza kwa kuhesabu kwa macho kabla ya kugusa, na kwa vidole vinavyoachia kete moja kila shimo. Mwache aburute mwenyewe. Mlio wa komwe, zile mbegu za kete, zikigonga mti urekodi kwenye bao halisi, usiuchukue kwenye maktaba ya milio ya kompyuta.

Kanuni za nyumba hutofautiana kidogo kati ya baraza na baraza. Usiamue nani yuko sahihi. Weka chaguo la kanuni, na kila chaguo lipe jina la mahali ulikolirekodi. Baada ya miaka ishirini, orodha hiyo ya tofauti inaweza kuwa na thamani kuliko gemu yenyewe.

Jambo la mwisho kuhusu bao: liwezeshe kuchezwa na watu wawili waliokaa pamoja kwenye simu moja. Bao bila maneno ya kumchokoza mwenzako ni nusu ya bao.

Kilwa je? Magofu yanafaa kwa gemu?

Yanafaa sana, na sehemu ya kazi imeshafanyika. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, yakaondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi ya ukarabati. Watafiti wa mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town wamepima majengo haya kwa miale ya leza na kuyatengenezea michoro ya pande tatu. Kwa hiyo kabla ya kupanda mashua na kamera yako, uliza kwanza kilichopo. Ukienda, omba kibali kwa wasimamizi wa eneo, na kama una droni utahitaji pia kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Ubaya wa gemu nyingi za magofu ni kwamba zinamtembeza mtu ukutani kwa ukutani tu. Kilwa ina visa. Mapokeo ya kale ya Kilwa yanasimulia kwamba Ali bin Hasan alikinunua kisiwa kutoka kwa mkuu wa wenyeji kwa nguo za kutosha kukizunguka. Karibu kila msimulizi husimama upande wa mnunuzi. Tengeneza gemu ambayo wewe ndiye yule mkuu: watu wako wanasemaje, nguo zitagawiwaje, ukishavuka kwenda bara utarudi vipi? Mapokeo hayohayo yanasema mkuu alijuta akataka kurudi, na mkondo kati ya kisiwa na bara ukachimbwa kumzuia. Nani hataki kucheza kisa hicho?

Au fuata sarafu. Masultani wa Kilwa walitengeneza sarafu za shaba zenye maandishi ya Kiarabu, na maneno ya upande mmoja yalipatana kwa vina na ya upande wa pili. Sarafu ya Kilwa imepatikana hadi Zimbabwe Kuu, na nyingine ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, na jumba la Husuni Kubwa lenye bwawa la pembe nane bado linaonekana juu ya jabali la bahari. Vitu hivi vinatosha gemu nzima ya safari za biashara bila kubuni shujaa wa kuruka angani.

Ombi moja kwa wachoraji: paa lililoanguka likichorwa upya, lionekane tofauti na ukuta uliopo, kwa rangi hafifu au mstari wa nukta. Mtoto ajue nini kimesimama kweli na nini ni makisio yetu.

Vita vya Maji Maji vinaweza kuwa gemu ya mapigano?

Vinaweza, lakini singeshauri. Vita hivi vilianza Julai 1905 kwa Wamatumbi wa Nandete, Kilwa, walipong'oa pamba waliyolazimishwa kulima. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mganga aliyegawa maji ya dawa, alinyongwa Mohoro mwezi uliofuata. Vita vikaenea na kuendelea hadi 1907, na waliokufa kwa njaa iliyotokana na kuchomwa kwa mashamba na maghala ni wengi mno. Gemu ya kupiga risasi na kuhesabu pointi itawaumiza wajukuu zao.

Kuna gemu nyingine ndani ya historia hiyo. Habari za maji zilifikaje kijiji kwa kijiji bila Wajerumani kujua? Mjumbe alimwamini nani? Gemu ya wajumbe, minong'ono na mashaka ingefundisha zaidi kuliko bunduki.

Itumie lugha gani?

Sauti iwe ya lugha ya kijiji: Kimakonde, Kimwera, Kiyao, Kimakua, Kimatumbi, Kingindo, Kimachinga. Maandishi yawe ya Kiswahili. Sababu ya kutanguliza sauti ni kwamba tahajia za lugha hizi hazijatulia. Kimakonde cha huku na cha ng'ambo ya Ruvuma huandikwa tofauti, na watu wanaweza kubishana mwezi mzima juu ya herufi moja. Sauti haingoji ubishi huo. Wala usitafsiri kila neno. Jina la chombo, mmea au ngoma libaki lilivyo, mchezaji akiligusa alisikie linatamkwa.

Vinyago vya mpingo tunavipigaje picha za pande tatu?

Programu za kuunganisha picha hupata shida na kitu cheusi kinachong'aa, na mpingo ni vyote viwili. Kila picha mng'ao unahama, programu inadhani umbo limebadilika. Njia rahisi ni kumwomba fundi akuruhusu upige kabla hajakisugua na kuking'arisha. Piga kivulini au siku ya mawingu, zunguka polepole, kila picha ilalie iliyotangulia kwa zaidi ya nusu. Meshroom ni ya bure, ingawa inataka kompyuta yenye nguvu.

Kwa kinyago cha ujamaa, kile cha watu waliobebana kutoka chini hadi juu, piga na matundu ya ndani. Na mrekodi fundi akieleza kwa nini ameanza na sura ile. Umbo bila maelezo yake ni mti tu.

Nimwendee vipi mzee mwenye maarifa?

Siku ya kwanza usibebe kamera. Pita kwa mwenyekiti wa kitongoji au wa kijiji ujitambulishe, kisha nenda na mtu wa ukoo wake. Amkia, kaa, sikiliza. Eleza kwa maneno yake, si ya kwenye andiko la mradi: "Bibi, tunataka wajukuu wasikie hadithi hizi wakiwa na simu zao. Ukikubali tutairekodi sauti yako. Ukikataa hatuna kinyongo." Mwache ashauriane na watoto wake. Epuka msimu wa korosho. Hakuna mwenye muda wa hadithi korosho zikiwa chini ya miti.

Na umlipe. Nasema hili kwa nguvu, kwa sababu vikundi vingi hutenga fedha za kompyuta na za usafiri, mzee anaambulia soda na picha ya pamoja. Yeye ndiye mtaalamu wa mradi. Jina lake liandikwe mwanzoni mwa gemu pamoja na la mwandishi wa programu, isipokuwa yeye mwenyewe hataki.

Ridhaa irekodiwe kwa sauti, mwanzoni mwa kila kikao, na iwe na haki ya kujitoa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu, maana sauti na sura ya mtu ni taarifa zake.

Mmiliki wa hadithi ni nani?

Gemu ni ya waliotengeneza, hadithi si yao. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ina sehemu inayolinda sanaa za jadi, na kuzitumia kwa biashara nje ya mazingira yake ya asili kunahitaji kibali. Anzia Baraza la Sanaa la Taifa na Ofisi ya Hakimiliki. Lakini kibali cha Dodoma au Dar es Salaam hakichukui nafasi ya ruhusa ya kijiji.

Watu wa huku wana sababu ya kuwa waangalifu. Kinyago cha Kimakonde kiliibwa katika Makumbusho ya Taifa mwaka 1984, kikaonekana baadaye kwenye makumbusho binafsi Geneva, na kikarudi nchini mwaka 2010. Faili la kompyuta huibwa kirahisi zaidi na halirudishwi.

Kuna mfano wa watu waliofanya hivi vizuri?

Upo wa Wainupiaq wa Alaska. Baraza la wenyeji wa asili la Cook Inlet liliingia ubia na watengenezaji gemu, na mwaka 2014 wakatoa Never Alone, inayosimuliwa kwa lugha yao. Msingi wake ni hadithi iliyowahi kusimuliwa na mzee wao aliyekwisha fariki, kwa hiyo walimwendea binti yake, Minnie Gray, kuomba ruhusa. Ndani ya gemu mna vipande vya video ambamo wazee wanaeleza wenyewe, na vinafunguka kadiri mchezaji anavyosonga. Mpangilio huo tunaweza kuuiga kesho Tandahimba.

Kijijini watu hawana bando wala simu kubwa.

Basi gemu isitegemee intaneti. Iwe ndogo, ifunguke kwenye simu ya bei ya chini, na iweze kurushwa simu hadi simu bila bando, kama vijana wanavyorushiana nyimbo. Picha za kuchora kwa mkono ni nyepesi kuliko za pande tatu na mara nyingi ni nzuri zaidi.

Tutumie programu gani?

Twine kwa hadithi zenye chaguo, haihitaji kujua kuandika programu. Scratch kwa shule. Godot mkishazoea, ni ya bure na inatoa gemu za Android. Sauti rekodini na Audacity, mhifadhi WAV (faili la sauti lisilobanwa) kama asili, na ndani ya gemu muweke nakala iliyobanwa. Nakala za asili ziwe tatu, mojawapo ikae mji mwingine.

Akili mnemba itusaidie kuchora?

Kwa kupanga ratiba au kusahihisha programu, sawa. Kwa kuchora mwanamke wa Kimakonde au lipiko, hapana. Itakupa kinyago cha nchi nyingine na chale ambazo hakuna bibi aliyewahi kuchanjwa. Wachoraji wapo Mtwara, wapeni kazi.

Gemu ikikamilika, nani aijaribu kwanza?

Waliotoa maarifa, wakiwa pamoja na wajukuu wao. Mjukuu ashike simu, bibi aseme. Akisema "hapa si hivyo", rudini mkarekebishe kabla ya mtu mwingine kuiona.

Mimi ni mwalimu Ruangwa, nina simu moja tu. Nianze na nini?

Anza na vitendawili. Wape wanafunzi kazi ya kuuliza nyumbani, kila mmoja alete vitano kwa lugha ya kwao, na jina la aliyemfundisha. Chagua ishirini vinavyofaa kusikiwa na kila mtu, warekodi wasimulizi walioridhia kwenye chumba tulivu chenye mikeka au khanga ukutani ili sauti isirudi, kisha vipange kwenye Twine kwa kompyuta ya kuazima. Simu iseme "Kitendawili!", mchezaji aguse "Tega!" Akishindwa, ambiwe "Nipe mji", na miji iwe ya kwetu: Nachingwea, Liwale, Newala, Kilwa Masoko. Akitoa Liwale, sauti ya msimulizi ijisifu jinsi alivyofika Liwale na alichokula huko, kisha itoe jibu. Wanafunzi wenyewe waandike majigambo ya kila mji. Kikao cha kwanza cha kurekodi kiwe Jumamosi asubuhi, kabla upepo haujaanza kuvuma kwenye maiki.